Mama Gereji anajibu: Raptor ni tamu, lakini boti inataka springi ngumu

SWALI: Shikamoo Mama Gereji. Mimi ni kijana wa Mikindani. Nina boti ya faiba ya futi 21, nawapeleka wageni kuvua na kuzamia. Mpaka sasa naivuta kwa gari la kukodi na faida yote inaishia huko. Nimepata mkopo, nataka Ford Ranger dabo kebin iliyotumika, foo wili. Kuna yadi Dar wanazo tatu: XLT, Wildtrak na Raptor. Kazi yake itakuwa kuvuta boti kwenda Msimbati, mara nyingine Kilwa Masoko, na kulala ufukweni au porini na wageni wawili pamoja na kijana wangu wa kazi. Nataka kuweka hema la juu ya gari. Rafiki zangu wote wanasema kama hela inafika nichukue Raptor, eti ndiyo ful opsheni na ndiyo ya porini kweli. Boti, aliyeniuzia alisema ina kilo 900. Nisaidie kabla sijatia saini. — Nahodha, Mikindani

JIBU: Marahaba mwanangu. Umefanya la maana kuuliza mapema. Wenzako huja hapa gereji kwangu Chikongola, Mtwara, gari likiwa limeshakaa kitako, pua inaangalia mbinguni na taa zinawamulika popo, ndipo wananiuliza, "Mama, tufanyeje?"

Nianze na jambo ambalo dalali hatalitaja hata umnunulie chai. Kwa vipimo vya Ford wenyewe, XLT na Wildtrak za foo wili zenye injini kubwa zinaruhusiwa kuvuta tela lenye breki hadi kilo 3,500. Raptor inaruhusiwa kilo 2,500 tu. Iwe ile ya dizeli iliyotoka 2018, iwe hii mpya iliyoanza 2022, namba ni hiyo hiyo. Gari la bei ya juu kuliko yote linavuta tani nzima pungufu ya gari la bei ya chini, na wala halina hitilafu.

Ukitaka kujua kwa nini, ukifika yadi piga magoti uchungulie chini nyuma. Kwenye XLT na Wildtrak utaona vyuma bapa virefu vimepangana, kimoja juu ya kingine, vimefungwa kwenye ekseli. Hizo ndizo springi za mizigo, zile zile tulizozizoea kwenye Hilux na malori. Kwenye Raptor hazipo. Utakuta springi za koili, vyuma vya kushikilia ekseli isiyumbe, na shokapu nene za kampuni ya Fox. Mfumo huo umetengenezwa ili gari lipite kwenye makorongo na matuta kwa kasi bila kuwarusha abiria, na kazi hiyo inaifanya kweli kweli. Nimewahi kukalia moja kwenye barabara ya vumbi ya kwenda Liwale, unaweza kunywa uji bila kuumwaga. Ila ulaini huo huo ndio unaoifanya ichuchumae ukiipachika tela zito. Kumpa Raptor boti ni kumtwika gunia la korosho mkimbiaji wa mita mia.

Sasa najua utasema: "Mama, boti yangu haifiki hizo 2,500." Kweli haifiki. Lakini hata hizo 900 ulizoambiwa si zake. Muuzaji hutaja uzito wa ganda tupu. Ongeza injini, tuseme kilo 120. Petroli lita 100, hiyo ni kilo 75 hivi. Mitungi sita ya kuzamia, karibu kilo 90. Nanga, minyororo, kamba, maboya na boksi la samaki, weka 65. Halafu tela lenyewe. Matela ya kuchomelea hapa kwetu ni chuma kizito, usiweke chini ya kilo 450. Jumla ni kilo 1,700. Usiishie kwenye hesabu yangu. Tafuta mizani ya malori, pandisha tela peke yake likiwa na kila kitu, upate namba ya kweli.

Kwa hiyo Raptor itaivuta, na kwa nguvu za injini hata hutasikia. Shida itaanza utakapopakia wageni.

Gari lina uwezo wa kuvuta na lina uwezo wa kubeba, na hivyo ni vitu viwili. Pua ya tela inapokaa kwenye kulabu, uzito wake unahesabiwa kama mzigo uliopakia ndani ya gari. Tela likikaa vizuri, pua huwa na kama asilimia 10 ya uzito wote. Kwako hiyo ni kilo 170, na hujaweka hata chupa ya maji. Watu wanne, kilo 300. Tumefika 470. Hema la juu, 60. Fremu ya kulishikilia, 30. Maji lita 60, kilo 60. Boksi la barafu lililojaa, 50. Dizeli ya akiba lita 40, kilo 34. Jeki, spana, koleo, mbao na kamba ya kujinasua, 40. Jiko, mtungi wa gesi, viti, meza na chakula, 50. Umeshakaribia kilo 800, na kulabu yenyewe wala ngao ya mbele sijazipima.

Raptor inabeba kilo 600 na kitu mpaka 700 na kitu, inategemea ni ya mwaka gani na iliuzwa kwanza nchi gani. Wildtrak na XLT hukaribia tani moja. Hapo ndipo rafiki zako walipokosea. Wanabishana juu ya nguvu ya kuvuta ambayo haitakuishia, wakati kinachoisha ni uwezo wa kubeba.

Usinitegemee mimi kwa namba ya gari lako hasa. Fungua mlango wa mbele, angalia kibandiko au kibati kilichopigwa kwenye nguzo. Kuna uzito wa juu unaoruhusiwa gari likiwa limesheheni, kuna uzito wa juu wa gari pamoja na tela, na kuna wa kila ekseli. Chukua ule wa kwanza, toa uzito wa gari tupu lenye mafuta, na kinachobaki ndicho chako wewe na wageni na hema na pua ya boti. Kama muuzaji amekibandua kibandiko au amekipaka rangi, muulize kwa nini, halafu msikilize huku ukielekea mlangoni.

Sasa kati ya XLT na Wildtrak. Chini ni ndugu. Chasisi ni moja, springi ni za namna moja, na ruhusa ya kuvuta ni ile ile. Tofauti unayolipia ni viti vya ngozi, kioo kikubwa cha redio, mapambo ya rangi ya chungwa, rimu kubwa na zile reli za juu. Wildtrak nyingi za karibuni zina kifuniko cha nyuma cha kujikunja, kizuri sana kwa mtu wa mjini mwenye begi la laputopu. Kwako kitakuwa kero. Sanduku lake linakula nafasi ndani ya bodi, na fundi wa kukufungia fremu ya hema atakuambia kitoke. Utakuwa umelipia kitu ili ukivue.

Mimi ningechukua XLT, lakini kwa masharti. Hakikisha ina kitufe cha difu loki, kile cha kuyalazimisha matairi mawili ya nyuma yazunguke pamoja, maana si XLT zote zinacho, wakati Wildtrak kwa kawaida inacho. Bila difu loki, ufukweni na tela nyuma, tairi moja litachimba shimo huku lingine likikutazama. Kama XLT ya pale yadi haina, na Wildtrak inayo, basi chukua Wildtrak na kile kifuniko kiuze. Injini, nikiachiwa mimi, ile ya lita 3.2 yenye silinda tano. Nguvu yake ya kukokota ni nyutoni mita 470, na mafundi wa huku wameshaizoea. Hii ya lita 2.0 yenye turbo mbili inatoa 500 na ina gia kumi, ni tamu barabarani, lakini siku ikigoma Kilwa utakaa ukisubiri spea iletwe na basi kutoka Dar. Na hilo la spea liweke moyoni kwa Ford yoyote. Mtwara hapa ukikosa pampu ya maji ya Hilux duka la kwanza, utaipata la pili.

Hela utakayookoa kwa kuiacha Raptor usiifanyie sherehe. Ipeleke kwenye breki za tela. Umeniandikia kila kitu, breki za tela hukuzitaja, na nina hakika hazipo. Wachomeleaji wetu wengi huchukua ekseli ya pikapu iliyokufa, wakaifunga chini ya vyuma, wakapaka rangi, wakakukabidhi. Zile kilo 3,500 na 2,500 ni za tela lenye breki zake lenyewe. Tela lisilo na breki, magari yote matatu ruhusa yake ni kilo 750, basi. Wewe una 1,700. Fikiria mteremko wa kuingia Mikindani ukitokea mjini, mtoto ameikimbilia mbuzi wake barabarani, na wewe unasimamisha gari na boti kwa breki za gari peke yake. Omba ufungiwe breki ya kujisukuma, ile ambayo gari likipunguza mwendo tela linasukuma mbele kwenye pua na breki zake zinakaba zenyewe. Haihitaji umeme. Na funga mnyororo wa usalama kutoka tela hadi gari, si kamba ya katani.

Uzito wa pua utaupima hivi. Nenda chama cha msingi kipindi ambacho si msimu, waombe ile mizani ya kupimia magunia ya korosho. Tela likiwa limepakiwa kama unavyosafiri na limelala sawa, weka kigurudumu cha pua juu ya mizani. Ikiwa chini ya kilo 100, sogeza boti mbele kwenye tela, maana injini iliyoning'inia nyuma inainua pua, na tela lenye pua nyepesi huanza kucheza mkia ukifika mwendo wa 80. Likianza kucheza usikanyage breki kwa nguvu wala usikate usukani. Achia mafuta taratibu mpaka litulie.

Msimbati unapajua kuliko mimi, lakini hujapajua na gari lako mwenyewe. Kabla ya kuingia mchanga laini punguza upepo wa matairi hadi paundi 16 au 18, na matairi ya tela pia. Watu hupunguza ya gari wakasahau ya tela, basi lile tela linakuwa jembe la kulimia ufukwe. Hapa ndipo rimu ya 17 ya XLT inapoishinda ya 18 ya Wildtrak, kwa sababu ubavu wa tairi ni mrefu na unatanuka vizuri. Ukiwa na tela kwenye mchanga tumia foo wili ya chini, gia ndogo, ili giaboksi ya otomatiki isichemke. Usisimame kwenye mpando. Na ubebe pampu ya kurudishia upepo, kwa sababu ukirudi kwenye lami na matairi yaliyolegea utayapasua. Ruvula, ule ufukwe wa pale Msimbati, iko ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000, kwa hiyo kiingilio kiwe kwenye bei unayowapa wageni.

Jambo la mwisho kwako, na hili ndilo linaloniletea wateja wengi wenye boti: beringi za tela. Umetembea lami muda mrefu, habu zimepata moto, unafika na kurudisha tela moja kwa moja baharini. Hewa ya moto iliyomo ndani inapoa ghafla, inanywea, na inavuta maji ya chumvi kupitia sili. Wiki chache baadaye beringi imekuwa unga mwekundu na tairi linakupita barabarani. Ukifika, acha tela lipoe wakati unaandaa boti, kunywa maji, ongea na wageni. Gusa habu kwa nyuma ya kiganja, ikiwa ya uvuguvugu ndipo ushushe. Subiri maji yajae ili usilizamishe tela lote, na siku za bamvua uwe mwangalifu zaidi maana maji hukimbia ukaachwa na boti mchangani. Jioni mwagia kila kitu maji baridi ya bomba, na paka grisi ya baharini mara kwa mara, si ile ya klachi iliyobaki koponi.

Nilitaka kuishia hapo, lakini umetaja Kilwa. Mei 2024 kimbunga Hidaya na mvua zake viliikata barabara ya Dar pale Somanga, na tangu hapo kila kijana mwenye Ranger ananikariria kwamba gari lake linapita maji ya milimita 800. Ni kweli, Ford wameandika hivyo, na Raptor mpya ni 850. Hiyo ni kwa maji yaliyotulia na gari lisilo na kitu nyuma. Wewe nyuma una boti, mwanangu. Boti imeumbwa ielee. Maji yakifika kwenye ganda, tela litanyanyuka na mkondo utakuvuta kutoka nyuma, utoke barabarani ukiwa umeshika usukani. Maji yakivuka barabara, lala Nangurukuru.

SWALI: Mama, habari za kazi. Ninafundisha Nachingwea na nina shamba la mikorosho. Nataka Hilux ya kazi, ya dizeli. Nimeonyeshwa mbili: moja ya kawaida, viti vya kitambaa, rimu za chuma, injini 2.4, nyingine ya juu, injini 2.8, ya 2021, ina kila kitu. Nitavuta tela la magunia kama 10 ya kilo 80 hadi ghalani, na likizo napenda kwenda na familia kulala nje, tuseme Newala pale Shimo la Mungu au Ziwa Rutamba. Ya gia za mkono si ndiyo yenye nguvu zaidi ya kuvuta? — Mwalimu, Nachingwea

JIBU: Nzuri, mwalimu. Hilo la mwisho nikujibu kwanza kwa sababu nalisikia kila siku. Kwa Hilux si kweli tena. Injini ya 2.8 tangu ilipoboreshwa 2020 inatoa nyutoni mita 500 ikiwa na giaboksi ya otomatiki, na 420 ikiwa na gia za mkono. Toyota wenyewe wameipunguza ya mkono. Kwa hiyo kwenye mpando wa uwanda wa Makonde, tela likiwa nyuma, otomatiki itapanda kwa raha zaidi. Ya 2.4 inatoa hadi 400, na kwa kazi uliyoitaja inakutosha na chenji inabaki.

Tatizo lako liko kwenye magunia, si kwenye injini. Magunia 10 kwa kilo 80 ni kilo 800, na tela halijapimwa. Bila breki kwenye tela ruhusa ni kilo 750, kama nilivyomwambia nahodha hapo juu, na Hilux nayo ni hivyo hivyo. Una njia mbili: funga breki, au pakia magunia matano kwenye bodi na matano kwenye tela. Kwa safari za msimu mmoja kwa mwaka mimi ningegawa. Bodi ya Hilux magunia matano haiyahisi.

Chukua ile ya kawaida, mwalimu. Rimu ya chuma ikipinda kwenye jiwe, fundi wa Nachingwea anaigonga na nyundo unaendelea na safari. Ya alumini ikipasuka, unaanza kupiga simu Dar. Viti vya kitambaa jua la Oktoba haliviunguzi. Tofauti ya bei nunua matairi mazuri ya njia zote, manne na la akiba la tano la aina ile ile, kisha nunua hema la chini la kawaida. Pale Newala ukingoni upepo wa usiku una nguvu, kwa hiyo hema lifungwe vizuri na gari lisimame upande wa upepo. Watoto wasilale upande wa bonde.

Na kama kuna mtu amekushauri uongeze vyuma kwenye springi ili ubebe zaidi, atakuinulia gari nyuma tu. Breki, ekseli na chasisi ni zile zile, na kibati cha mlangoni hakijui kama umeongeza chuma.

SWALI: Mama Gereji, mume wangu anataka kufunga hema la juu kwenye paa la dabo kebin yetu, juu ya vichwa vya watu. Mimi naogopa paa litabonyea tukilala wanne. Nani yuko sahihi? — Mama wa Watatu, Lindi

JIBU: Wote, shoga yangu. Paa la gari lina vipimo viwili. Likiwa linatembea linabeba kidogo, kwa sababu kila shimo linauzidisha uzito wa hema na kuuvuta huku na kule. Likiwa limesimama linabeba zaidi sana, kwa hiyo mkishapanda kulala halitabonyea kama keria ni nzuri. Cha kumuuliza mumeo ni uzito unaoruhusiwa juu ya paa gari likitembea, upo kwenye kitabu cha gari, na hema pamoja na keria vinafika kilo ngapi.

Ila mimi ningelihamishia nyuma, juu ya bodi, kwenye fremu ya chuma. Uzito unashuka, gari haliyumbi kwenye kona za barabara ya Mtwara, halikamati upepo sana, na ngazi inakuwa fupi, jambo ambalo mama mwenye watoto watatu utalishukuru saa nane usiku mmoja akitaka kukojoa. Msilale wote wanne juu. Mahema mengi ya juu ni ya watu wawili au watatu, hata muuzaji akisema vingine. Angalia pia kama madirisha yana wavu wa mbu wa matundu madogo. Lindi bila wavu mtarudi kulala garini.

SWALI: Shikamoo. Nina Hilux ya foo wili. Mvua ikinyesha kwenye lami ya Masasi kuja Mnazi Mmoja ya Lindi na nina tela, naruhusiwa kuweka foo wili ili gari lisiteleze? — Dereva, Masasi

JIBU: Marahaba. Usiweke. Foo wili ya Hilux inaunganisha ekseli ya mbele na ya nyuma zizunguke sawa sawa, wakati kwenye kona matairi ya mbele yanatembea njia ndefu kuliko ya nyuma. Kwenye tope au mchanga tairi linateleza kidogo na tofauti inaisha. Lami hata ikilowa bado inashika, hivyo ile tofauti inakwenda kwenye shafti na giaboksi, usukani unakuwa mzito, na siku moja utasikia "kang". Mitsubishi L200 zenye mfumo wa Super Select zinaruhusu foo wili kwenye lami kwa kuwa zina difu ya katikati. Yako haina. Kwenye mvua punguza mwendo, acha nafasi kubwa kati yako na aliye mbele yako, na angalia matairi ya nyuma ya gari. Kwa hii picha uliyonitumia, mwanangu, hayo yamekwisha, yabadilishe kabla hujavuta tela tena.